Kuifikisha Pesa ya Korosho Hadi Msimu Ujao: Mwongozo Kamili wa Kupunguza Manunuzi Yasiyo ya Lazima Nyumbani

Kwa kaya nyingi za Mtwara na Lindi, mwaka wa fedha hauanzi Januari wala Julai. Huanza Oktoba, minada ya korosho inapofunguliwa na malipo yakaanza kuingia kwenye akaunti za wakulima, na huisha kimyakimya mahali fulani kati ya Mei na Agosti, siku ambayo mama anafungua mkoba na kukuta hakuna kilichobaki. Hapo ndipo baadhi yetu huwaendea watu wa kangomba, wale wanunuzi wa kificho wanaompa mkulima fedha kidogo leo ili korosho zitakapoanguka wazichukue kwa nusu ya bei ya mnada au chini yake. Serikali imeipiga marufuku biashara hiyo, na mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima hupeleka zao ghalani, hupewa stakabadhi na zao huuzwa mnadani, ulioanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara mwaka 2007, ulikusudiwa kumwezesha mkulima kuuza kwa ushindani. Lakini hakuna mfumo unaoweza kumlinda mtu aliyekwisha kuliuza zao lake likiwa bado maua.

Familia yetu imepita njia hiyo. Tunaishi Mtwara mjini, mume wangu ni fundi seremala, mimi hushona nguo, na mikorosho yetu iko Tandahimba. Desemba moja, malipo yalipoingia, tulinunua sabufa kwa shilingi 180,000 kutoka kwa wauzaji waliokuwa wamepanga bidhaa zao kando ya barabara, muziki ukiwa juu na watu wamejaa. Agosti iliyofuata mama mkwe aliugua, hatukuwa na akiba, tukaahidi magunia mawili ya kilo 80 kwa shilingi 1,200 kwa kilo na kupokea 192,000. Msimu ulipofika, korosho za daraja la kwanza katika chama chetu cha msingi cha ushirika ziliuzwa kwa shilingi 3,000 kwa kilo, maana yake magunia yale yangetupatia 480,000 kabla ya makato. Tulipoteza 288,000. Nilipoketi na kujumlisha, niliona kwamba sabufa ile haikutugharimu 180,000 bali 468,000, kwa sababu fedha tuliyoilipia Desemba ndiyo iliyokosekana Agosti. Tangu siku hiyo, nyumbani kwetu kila kitu kina bei mbili: bei ya dukani na bei ya Agosti.

Mwongozo huu unaeleza jinsi tulivyopunguza manunuzi yasiyo ya lazima, hatua kwa hatua, kwa mpangilio ambao naamini unafaa kufuatwa. Kiasi ninachokitaja ni cha nyumba yetu yenye watu sita. Mwenye familia kubwa au ndogo zaidi atabadilisha tarakimu, lakini hesabu zenyewe hufanyika vilevile.

Hatua ya kwanza: Andika kila shilingi kwa siku 30

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na jambo la kwanza ni kununua daftari hilo, lile la kawaida la shule lenye kurasa 48. Usipunguze chochote bado. Nunua kama ulivyozoea, ila kila jioni kabla ya kulala andika kila kilichotoka, hata kama ni shilingi 100 ya barafu ya mtoto. Kila mtu mzima aandike chake, kwa kuwa mama hawezi kukumbuka soda aliyokunywa baba kazini, wala baba hajui mama alinunua bakuli ngapi kwa mmachinga aliyepita asubuhi.

Watu wengi hukata tamaa siku ya tano au ya sita, kwa sababu daftari huleta ugomvi. Mume huona jina la kitu alichonunua mke na kuuliza maswali, mke naye hujibu kwa kutaja kile cha mume. Tulikubaliana mapema kwamba kwa siku 30 hakuna anayeruhusiwa kuuliza wala kulaumu, na sharti hilo ndilo lililotuwezesha kumaliza mwezi. Nasisitiza jambo hili kuliko mengine ya hatua hii: daftari linalotumika kama ushahidi wa kesi litaandikwa uongo.

Mwezi ulipoisha, nilichukua kalamu nyekundu nikazungushia kila kitu ambacho, kama tusingekinunua, hakuna ambaye angelala njaa, angekosa shule au angekosa dawa. Bando za simu za shilingi 500 tulizonunua mara 26 zilifika 13,000. Bodaboda za safari ambazo zingeweza kutembewa kwa miguu zilifika 14,000. Soda na juisi za pakiti 9,600, vyombo vya plastiki na mapambo 11,500, barafu na pipi 6,900. Jumla ilikuwa 55,000 kwa mwezi, sawa na 660,000 kwa mwaka, na kwa bei ya shilingi 3,000 kwa kilo hizo ni kilo 220 za korosho, karibu magunia matatu. Palizi ya magunia matatu, kupulizia salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, kuokota korosho moja moja ukiwa umeinama tangu alfajiri, yote yameishia kwenye vitu ambavyo hakuna hata kimoja tulichokikumbuka.

Hatua ya pili: Acha kununua kwa vipimo vidogo

Duka la mangi lililo jirani lina faida yake na simlaumu mwenye duka, kwa sababu naye ana gharama za kutupimia. Lakini kununua mafuta ya kupima, sukari ya robo na mkaa wa kopo kila siku ni njia ghali ya kuishi, na ubaya wake ni kwamba ughali huo hauonekani.

Fanya jaribio nililofanya mimi. Nilinunua mafuta ya kupikia ya shilingi 500 kama kawaida, kisha nikayamimina kwenye chupa ya maziwa ya mtoto yenye alama za mililita. Nilikuwa nimeiosha na kuikausha vizuri, nikaiweka mezani penye mwanga na kuinama hadi macho yangu yakawa sawa na alama. Mafuta yalifika mililita 75. Kwa kipimo hicho, lita moja inanigharimu zaidi ya shilingi 6,600, ilhali dumu la lita tano sokoni liliuzwa 26,000, yaani 5,200 kwa lita. Kwa mwezi tulikuwa tunalipa 15,000 kwa mafuta ambayo kwenye dumu yangekuwa 11,700. Ni shilingi 3,300 tu, ndiyo, lakini sukari, mkaa, sabuni ya unga na mchele vina hesabu ya namna hiyohiyo, na ukizijumlisha unapata fedha ya kutosha kununua dumu linalofuata bila kukopa.

Kinachowazuia wengi si ujinga, ni mtaji: asiye na 26,000 kwa mkupuo hawezi kununua dumu. Suluhisho letu lilikuwa kuanza na kitu kimoja. Mwezi wa kwanza tuliacha soda na juisi za pakiti, fedha hiyo na nyongeza kidogo zikaingia kwenye bajeti ya mafuta tukanunua dumu. Mwezi wa pili, fedha iliyokuwa ikienda kila siku kwenye mafuta ya kupima ilinunua gunia la mkaa. Mwezi wa tatu ikawa sukari. Majirani wawili au watatu wanaoaminiana wanaweza pia kuchangia dumu moja na kugawana kwa chupa za lita.

Lipo onyo moja. Dumu likiwa ndani, mkono huwa mwepesi, na mafuta ya siku 60 huisha kwa siku 40. Kwa hiyo weka dumu chumbani, na jikoni peleka chupa ya nusu lita iliyoandikwa tarehe; chupa hiyo ikiisha kabla ya siku yake, mboga zipikwe kwa nazi au karanga hadi siku hiyo ifike. Usipofanya hivi, kununua kwa jumla kutakutia hasara kubwa kuliko kupima.

Kuhusu daftari la mkopo dukani, lifunge kabisa. Anayekopa hachagui bei wala haulizi uzito, na mara nyingi hununua pia kitu ambacho asingekinunua kwa fedha taslimu.

Hatua ya tatu: Igawe pesa ya msimu kabla haijatoka benki

Hii ndiyo hatua kubwa. Ukifanya nyingine zote na kuiacha hii, hutafika Agosti.

Malipo ya korosho hayaji yote kwa siku moja. Huingia kufuatana na mnada ambao mzigo wako umeuzwa. Wauzaji wa bidhaa wanaijua kalenda hiyo vizuri kuliko sisi wenyewe, na ndiyo maana magodoro, sabufa, simu, vitenge na seti za vyombo hufika kwenye magulio ya vijijini wiki ileile ambayo fedha inafika. Mkulima aliyetoka benki na bahasha mfukoni, akapita katikati ya gulio kurudi nyumbani, hana nguvu ya kukataa, na hili si udhaifu wake peke yake; ni mwaka mzima wa kujinyima unaozungumza kwa wakati mmoja. Basi uamuzi lazima ufanyike kabla, mezani, kwa maandishi, fedha ikiwa bado ni tarakimu.

Msimu mmoja tulipokea jumla ya shilingi 1,800,000 baada ya makato. Mgawanyo wetu ulikuwa huu. Madeni yalikwenda kwanza, 200,000, kwa sababu deni linalobaki huzaa jingine. Shule ilichukua 350,000, maana Januari huja na sare, viatu na madaftari wakati ambapo mifuko bado inadhani ni Desemba. Palizi, salfa na kupogolea mikorosho vilitengewa 300,000. Dharura ya ugonjwa au msiba, 200,000. Kisha tukaweka 630,000 kwa ajili ya nyumba, yaani 70,000 kwa kila mwezi kuanzia Februari hadi Oktoba, nyongeza ya kipato cha useremala na ushonaji. Zilibaki 120,000, na hizo tulizitumia kwa furaha bila mtu kuulizana: baba shati na viatu, mimi vitenge, watoto walichagua wenyewe.

Hilo fungu la mwisho lisifutwe. Nimeona familia zilizojibana kwa wiki sita, kisha zikavunja mpango wote kwa siku moja kwa sababu mpango haukuwa na nafasi ya mtu kufurahi.

Fungu la miezi tisa ndilo linaloibiwa kirahisi, kwa hiyo lifiche mbali na mkono. Njia tatu zinafahamika kwetu. Ya kwanza ni akaunti ya benki ya muda maalumu, au akaunti ya pili isiyo na kadi wala huduma ya simu. Ya pili ni kikundi cha kuweka na kukopa, mradi kina katiba, sanduku lenye kufuli tatu na hesabu zinazosomwa mbele ya wote. Ya tatu ni kununua mapema vitu visivyoharibika ambavyo kwa hakika mtavitumia, kama vile mahindi ya kutosha au mabati ya nyumba inayojengwa. Kibubu cha nyumbani kinafaa kwa sarafu za watoto, lakini laki sita ndani ya nyumba ni laki sita ambazo kila ndugu mwenye shida atazihisi.

Kamwe usitumie bei uliyoisikia kabla fedha haijaingia. Bei ya mnada wa kwanza si bei ya mzigo wako, na tarehe ya mnada si tarehe ya malipo. Mwaka 2018, Serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wako wakulima walioanza kukopa siku hiyohiyo, na malipo ya wengi yalichukua miezi. Waliosubiri fedha iingie ndipo wapange walihangaika, lakini waliokuwa wamekwisha kuitumia walihangaika mara mbili.

Hatua ya nne: Weka siku 14 kati ya kutaka na kununua

Kwa kitu chochote kisicho chakula chenye bei ya zaidi ya shilingi 20,000, tuliweka kanuni ya siku 14. Jina la kitu linaandikwa ukurasa wa mwisho wa daftari pamoja na tarehe, bei ya dukani, na bei ya Agosti, yaani kilo za korosho tutakazolazimika kuuza kwa kangomba kama fedha hiyo itahitajika. Godoro la 150,000, kwa shilingi 1,200, ni kilo 125. Siku 14 zikipita na bado tunalihitaji, na fungu lake lipo, tunanunua bila majuto. Godoro tulilinunua. Meza ya kioo iliandikwa Novemba na kufutwa mwezi huohuo, hakuna aliyeikumbuka.

Wauzaji wa kukopesha nyumba kwa nyumba, wanaoacha sufuria au kitenge leo na kurudi kila wiki kuchukua kidogo kidogo, wakatazwe kwa adabu mlangoni. Zidisha kile wanachotaka kwa wiki na idadi ya wiki, kisha kaulize bei ya kitu hicho sokoni. Kwangu sufuria za aina hiyo zilikaribia mara mbili. Mikopo inayoitwa kausha damu, ile ya riba kubwa mno, sina haja ya kuieleza zaidi kwa mtu wa huku. Mkopo wa aina hiyo usichukuliwe kwa ajili ya kitu chochote cha nyumbani, hata kimoja.

Hatua ya tano: Kula kile ambacho ardhi na bahari yetu vinatoa

Tunaishi mahali penye muhogo, mbaazi, choroko, kunde, njugu mawe, ufuta, nazi, kisamvu, ming'oko (viazi vya porini) na samaki, halafu asubuhi tunanunua maandazi ya 1,500 na jioni tambi za pakiti. Sisemi haya kwa kudharau maandazi, kwa kuwa wanaoyapika ni kina mama wenzangu. Nasema tu kwamba nyumba yetu ilipobadilisha asubuhi nne za wiki kuwa za muhogo wa kuchemsha wenye nazi, kwa fungu la shilingi 500, matumizi ya kifungua kinywa yalishuka kutoka 10,500 hadi 6,500 kwa wiki, na watoto walifika saa nne bila kulalamika njaa.

Nunua kila zao wakati wake. Ufuta huvunwa katikati ya mwaka, mbaazi hufuata, na mahindi mapya hushuka bei baada ya mvua kwisha. Mbaazi za miezi sita zinaponunuliwa wakati wa mavuno, zianikwe tena juani kwa siku mbili au tatu hata kama muuzaji ameapa kwamba zimekauka. Tafuna moja: ikipasuka kwa mlio, imekauka, ikibonyea, bado. Kisha ziwekwe kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambayo wadudu waliomo hufa kwa kukosa hewa bila dawa yoyote. Kila tabaka lifungwe peke yake kwa kamba, na mfuko usifunguliwe mwezi wa kwanza. Makopa, yaani muhogo uliokaushwa, nayo huhifadhiwa makavu, mbali na sakafu na ukuta.

Lakini uangalifu unahitajika. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na haitoki kwa kuchemsha haraka. Umenywe, ulowekwe kwa siku kadhaa hadi ulainike, uanikwe hadi ukauke kabisa, ndipo usagwe. Katika mwaka wa njaa watu hujaribu kufupisha siku hizo ili wale mapema, na huo ni ubanifu unaoweza kumlemaza mtoto miguu. Anayepika haraka apike muhogo mtamu.

Mbaazi na maharage yalowekwe usiku kucha. Mkaa unaotumika hupungua sana. Chungu kikishachemka kwa nusu saa, kinaweza kuwekwa ndani ya kapu lililojazwa matambara au pamba na kufunikwa vizuri, kikaendelea kuiva chenyewe. Kuhusu samaki, nenda feri wakati mashua zinaingia, nunua mara moja kwa wiki, kaanga au kausha siku hiyohiyo.

Hatua ya sita: Umeme, maji na simu

Hapa nitapita haraka. Mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo hutozwa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Akivuka, zinazozidi hutozwa 350. Kwa hiyo uniti ya 76 ndiyo ya kuogopa. Taa nne za kizamani za wati 60, zikiwaka saa tano kila usiku, hula uniti 36 kwa mwezi. Taa za LED za wati 9 kwa muda uleule hula chini ya uniti 6. Badilisha taa kabla ya kufikiria jambo jingine, na nguo za wiki zipigwe pasi kwa mkupuo mmoja.

Maji ya mvua hayana ankara. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, kwa hiyo nyumba ya mita 50 za mraba, ikipata mvua ya milimita 20, inaweza kukusanya karibu lita 1,000. Kwa watu wa Newala na uwanda wote wa Makonde, ambako dumu la lita 20 ni bidhaa ya kununuliwa, mifereji ya bati ni kitu cha lazima na inastahili kuingia kwenye mgawanyo wa msimu. Bando la simu lipangiwe siku yake na lisinunuliwe kila njaa ya mtandao inapoamka. La mwezi mmoja lilitupunguzia zaidi ya nusu ya gharama.

Hatua ya saba: Sherehe, sare na michango

Jambo hili ni zito, kwa sababu linahusu heshima. Unyago, jando, harusi na arobaini ndizo zinazotufanya tuwe watu, na mwongozo unaomwambia mzazi asimcheze mwanawe unyago ili abane matumizi haufai kusomwa huku. Kinachopaswa kupunguzwa ni manunuzi yaliyoizunguka sherehe: sare mpya kwa kila ngoma, muziki wa kukodi wa usiku tatu, na kuwatunza wachezaji fedha kwa mashindano.

Mazungumzo yafanyike miezi mitatu kabla, na yafanyike na mwenye sauti. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ambao ukoo wao huhesabiwa kwa upande wa mama, mjomba ndiye wa kuendewa kwanza. Tulipomcheza binti yetu, nilikwenda kwa kaka yangu mkubwa na daftari mkononi. Nikamwamkia, nikamweleza: "Kaka, mtoto ni wako, nami sitaki aaibike. Lakini naomba sare isiwe kitenge kipya. Kila mwenye kanga nyekundu aje nayo." Alinyamaza muda mrefu, akachukua daftari, akasoma ukurasa wa Agosti, yale magunia mawili. Kisha akasema atalitamka yeye mwenyewe mbele ya wanawake wa ukoo, ili lisionekane ni ubahili wa mama mtoto. Lilipotoka kwake, hakuna aliyenung'unika. Uwanja ulijaa kanga nyekundu za miaka tofauti, nyingine zimepauka, na mashangazi walicheza hadi asubuhi.

Kwa michango ya wengine, tengeni kiasi cha mwaka mzima na mkigawe kwa ukaribu: ndugu wa damu, majirani, wengineo. Fungu likiisha, peleka nguvu zako. Kuchota maji, kutwanga, kupika usiku kucha ni mchango unaokumbukwa.

Visivyopunguzwa

Chandarua chenye dawa, sabuni ya kunawa, dozi kamili ya dawa, bima ya afya na madaftari ya shule viondolewe kwenye mjadala. Naongeza chumvi, kwa sababu ya mwambao wetu. Kando ya pwani ya Mtwara na Lindi kuna mashamba ya chumvi, na chumvi ya huko ambayo haijatiwa madini joto huuzwa kwa bei ndogo mno. Tofauti na ile ya pakiti ni shilingi chache kwa mwezi, lakini ukosefu wa madini hayo huleta rovu, yaani uvimbe wa shingo, na kwa mama mjamzito hudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Nunua yenye madini joto, na uiongeze chakula kinapokaribia kuiva.

Uanzie wapi

Anayesoma haya Septemba au Oktoba aanze na hatua ya tatu leo, kabla ya mnada wa kwanza, na daftari lianze sambamba. Anayesoma kati ya Februari na Aprili aanze na daftari, kisha vipimo. Anayesoma Julai akiwa hana kitu, asiguse hatua ya tatu bado. Aanze na chakula cha msimu, auze kile alichokinunua Desemba ambacho hakitumiki, hata kwa hasara, kwa kuwa hasara hiyo mara nyingi ni ndogo kuliko ya kangomba. Sabufa yetu tuliiuza 90,000.

Na aliyekwisha kuahidi korosho zake aandike ni kilo ngapi, kwa nani na kwa fedha kiasi gani, na asiongeze hata kilo moja juu yake. Kisha azungumze na mtu huyo mapema kama atakubali kurudishiwa fedha badala ya korosho. Wa kwetu alikubali mwaka uliofuata, tulipokuwa tumeahidi gunia moja tu kwa 96,000. Alipokuja mwishoni mwa Septemba tulimkaribisha barazani, tukamhesabia fedha mbele ya mjumbe, akasaini kwenye daftari, na gunia likaenda ghalani.